Asali Niliyoionja Kwenye Mahari ya Watu

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi, hata pale sokoni Kiirua wanajua, ukitaka kusikia habari za wajukuu wangu wewe simama tu karibu nami dakika mbili. Lakini hii habari ya Embu nilikuwa nimeapa haitatoka kinywani mwangu. Sasa mzee wangu ameshamsimulia kila mtu anayekuja kununua maziwa kwetu, na anaisimulia vibaya (anasema nililamba kijiko mara tatu, na ni mara mbili), basi heri niwaambie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Ilianza na Makena, mtoto wa binti yangu Karimi, mjukuu wangu wa kwanza, anayefanya kazi ya ofisi Embu mjini, ofisi ya kweli yenye kiti cha kuzunguka, nimekikalia. Alikuja nyumbani siku moja akasema, "Shosho, wewe na guka mmekaa kwa ndoa miaka arobaini na tano na hamjawahi kwenda mahali kustarehe, nyinyi wawili tu."

Nikamwambia tumeenda. Tulienda Meru mjini wakati guka yake alivunjika mguu, tukalala hospitali siku nne.

"Shosho, hiyo si likizo."

"Kwani? Chakula si tulikuwa tunaletewa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Basi akatupangia siku tatu Embu. Mzee wangu ni mtu wa maneno machache na nyuki wengi, ana mizinga kumi na miwili na anaongea na nyuki kuliko anavyoongea na mimi, na kumtoa nyumbani ni kama kung'oa kisiki. Nairobi alikataa, Mombasa alikataa, Embu akakubali kwa sababu alisema baridi ya Embu anaifahamu. Lakini alinikalisha jikoni akaniambia, "Mama Karimi, nakujua mdomo wako. Ukiniaibisha mbele ya watu hata mara moja, kesho yake asubuhi narudi kwa ng'ombe wangu."

Nikamwapia. Nilitaka hizo siku tatu, wanangu, nilizitaka kama mtoto anavyotaka Krismasi. Tulioana tukaenda moja kwa moja shambani, siku ya pili ya ndoa nilikuwa napalilia viazi.

Makena alituandikia karatasi kwa herufi kubwa ili niisome bila kusumbua mtu. Ijumaa jioni, chakula cha kujipakulia pale tulipolala, gauni la maua, guka sweta ya kijani. Jumamosi saa saba mchana, hoteli kubwa yenye bustani, meza ya dirishani, gauni la bluu, guka suti. Jumapili baada ya kanisa, nyama choma, vitenge vya kufanana. Gauni la bluu alininunulia yeye, lina zipu mgongoni. Vitenge nilivinunua mimi Meru mjini, vya zambarau na tausi wa manjano, tausi mkubwa kama jogoo wa sikukuu, na mwenye duka aliniapia kwa mamake mzazi kwamba hicho ni kipande cha mwisho, hakuna mwanamke mwingine Kenya hii atakayekivaa. (Huyo mwenye duka nitarudi kwake. Nina maneno naye.)

Ijumaa ilipita vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Hayo mambo ya kujipakulia hakuna aliyenieleza kwamba si lazima uchukue kila kitu. Mimi niliona masufuria kumi na mawili na mpishi amesimama nyuma yake na kofia, nikaona ni kumdharau mtu nikiruka moja. Nikarudi mara tatu.

Jumamosi gauni la bluu likakataa. Mzee alivuta ile zipu kama anayefunga gunia la viazi, goti lake karibu liwe mgongoni pangu, mwishowe akaachia akasema, "Hii nguo imeshiba."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikasema, kwani shida iko wapi, leo tuvae kitenge, kesho bluu, tumbo litakuwa limeshuka. Nani atajua? Mzee akavaa shati lake la tausi, mimi nikavaa gauni la tausi na kilemba juu, na niseme ukweli, tulikuwa tunapendeza, watu wa bodaboda walikuwa wanageuka.

Sasa Makena alikuwa amenipigia simu asubuhi akaniambia, "Shosho, huko mtapokelewa kama wafalme, usishangae. Mimi nitafika saa nane niwapige picha." Basi nikaamua kutoshangaa. Tulipofika langoni msichana mmoja akatuona akapiga kelele, "Shosho na guka wa Meru wamefika!" na wanawake kama ishirini wakatoka bustanini na vigelegele, wote wamevaa tausi wangu! Tausi yuleyule! Mimi sikushangaa. Nikajiambia, kumbe yule mwongo wa duka aliiuzia hoteli kitambaa kilekile, hawa ni wahudumu, hiyo ndiyo sare yao.

"Mmetoka Meru leo?" akauliza mmoja, amenishika mkono.

"Meru kabisa," nikamjibu, "na njaa tumekuja nayo."

Wakacheka, wakatukalisha mbele kabisa kwenye hema, viti vyenye kitambaa cheupe, wakatuletea mukimo na mbavu za mbuzi bila hata kutuuliza. Nikamwambia mzee, unaona, Makena ameshalipia. Mzee akatazama lile hema lote, watu zaidi ya sitini, akaniuliza polepole, "Mama Karimi, hawa wote wamekuja kula na sisi?"

"Ndizo hoteli za siku hizi. Kula."

Na akala, na nikamwona anatabasamu, meno yale mawili ya mbele yanaonekana, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu ng'ombe wetu azae mapacha.

Halafu nikasikia nyimbo langoni, na wakaingia watu wengine wamevaa nguo tofauti, wanaume mbele, na mmoja anavuta kondoo jike mwenye utepe shingoni, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba mtungi wa asali. Mwanamke wa Meru akiona kondoo na asali vinaingia pamoja hahitaji kuambiwa ni shughuli gani. Ubavu wa mbuzi nikaurudisha kwenye sahani. Tulikuwa tumekaa kwenye mahari ya watu! Na hawa tausi walikuwa familia ya msichana, na sisi tulikuwa tumekalia viti vya babu na nyanya yake.

Mngefanya nini nyinyi? Mtu mwenye akili angesimama akaomba radhi. Lakini nilimtazama mzee na lile tabasamu lake na mchuzi kwenye kidevu, nikawaza, nikisimama sasa hii ndiyo ile aibu, na kesho asubuhi tuko Kiirua. Nikasema nitanyamaza, tutamaliza sahani, tutatoka kama watu wanaotafuta choo. Na hakuna aliyetugundua, maana upande wa baba wa msichana walifikiri sisi ni wa upande wa mama, na upande wa mama walifikiri sisi ni wa baba, na mamake msichana mwenyewe alikuwa ndani ya chumba na bibi harusi mtarajiwa amefichwa kama desturi inavyotaka.

Kijana mwenye kipaza sauti akasema, "Wakwe wetu kutoka Mbeere wameleta asali. Na asali haipokelewi mpaka nyanya wa msichana aionje. Shosho, tafadhali!"

Shosho alikuwa mimi.

Nikasimama. Mzee ananivuta kitenge kwa nyuma, "Unaenda wapi? Unaenda wapi, wewe?" lakini vigelegele vilishaanza. Nilikuwa nimepanga kulamba, kutabasamu, kukaa. Hiyo tu. Walakini mtu akinipa asali mkononi mimi nasahau kila kitu, mimi ni mke wa nyuki, asali yetu ya nyumbani ni nyeusi na inateleza kama mafuta ya gari. Nikachota. Ilikuwa nyeupe-nyeupe na imeganda, na ina chembechembe zinalia kwenye meno. Nikalamba tena kuhakikisha. Na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hii imepikwa na sukari," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa hapo hapo kwenye kidevu changu. "Kwetu hata mtoto wa nasari hawezi kudanganywa na hii. Mnataka msichana wa watu kwa sukari ya dukani?"

Jamani, vijiko vyote vikasimama hewani. Hata yule kondoo aligeuka akanitazama. Mzee mmoja wa Mbeere, mrefu, mwembamba, kofia mkononi, baadaye nilijua anaitwa Njiru na ndiye babu wa kijana anayeoa, akasimama polepole. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama," akasema, "mizinga iliyotoa asali hiyo aliichonga baba yangu. Nimesafiri na huo mtungi magotini kutoka nyumbani, sikutaka uguse chini."

Kijana anayeoa akainamisha kichwa. Mzee mmoja wa upande wa baba wa msichana akasema kwa sauti nzito, "Kama nyanya wa mtoto amekataa asali, sisi hatuwezi kuendelea. Itafutwe nyingine." Na kutoka kile chumba cha ndani nikasikia msichana analia, msichana ambaye hata jina lake sikulijua, na mimi ndiye nimemliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na tausi wangu wote.

Ndipo nikasikia kiti kinasukumwa nyuma yangu.

Mzee wangu huyo, ambaye kwenye harusi za watoto wake wanne hakuwahi kusema zaidi ya "asanteni", akaja mpaka kwenye mtungi, akaninyang'anya kijiko, akachota, akaisugua ile asali katikati ya vidole viwili kwa muda mrefu, akainusa, akaiweka ulimini akafumba macho. Sisi sote tunamtazama.

"Hii ni asali," akasema. "Ni ya maua ya mgunga, ya mahali pakavu. Inakuwa nyeupe hivi, na ikifika kwenye baridi ya Embu inaganda na kufanya chembe. Ile ya sukari haigandi hivi. Nimefuga nyuki maisha yangu yote na sijaonja safi kama hii. Mke wangu anajua asali ya mizinga yangu peke yake." Akageukia wale wazee. "Msameheni. Na kitu kingine. Sisi hatuna mtoto hapa. Tulikuja kula chakula cha mchana."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu Njiru akaanza kucheka, kicheko cha kutoka kwenye tumbo, na hema lote likaanguka kwa kucheka, watu wanashikana mabega, yule kijana wa kipaza sauti amepiga magoti. Na kama vile Mungu aliona sijaaibika vya kutosha, langoni akateremka kwenye gari mwanamke wa umri wangu, mnene kama mimi, kilemba kama changu, tausi kama wangu, na mume nyuma yake na shati la tausi. Nyanya mwenyewe. Pancha ilikuwa imewachelewesha njiani. Tukatazamana kama mtu na kioo chake.

"Na huyu ni nani amekalia kiti changu?" akauliza.

"Ni mimi," nikamwambia, "lakini nimekipasha moto tu."

Alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi, akaenda kwenye mtungi, akaonja, akakilamba kile kijiko mbele na nyuma, akainua mikono, na vigelegele vile nafikiri vilisikika Kiirua. Msichana akatolewa nje, macho mekundu lakini anacheka, akanikumbatia, mimi, niliyemliza.

Faini nililipa. Wazee walikaa kando wakaamua kwamba mtu aliyetukana asali ya wakwe atawagawia uji wazee wote wa Mbeere kwa mkono wake, mmoja mmoja, na kila mmoja amwambie asali yake ni tamu. Walikuwa kumi na saba. Nilikuwa kwa wa kumi na moja, kibuyu mkononi, kilemba kimeenda upande, niliposikia, "Shosho?!" Makena huyo, na simu yake ya kupiga picha. "Shosho, meza yenu ni ile ya dirishani! Nimewangojea pale nusu saa! Na gauni la bluu liko wapi?"

"Limeshiba," mzee akamjibu kutoka kule alikokuwa, na watu wakaanguka tena.

Tuliporudi chumbani jua bado liko juu, nikatoa sanduku chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo, machozi yako karibu. Siku moja na nusu ndiyo niliyopata ya likizo yangu.

"Unafunga nini?" mzee akauliza.

"Si ulisema nikikuaibisha tunarudi? Nimekuaibisha mbele ya wilaya mbili."

Akakaa kitandani akavua viatu. "Kesho siendi Kiirua," akasema. "Njiru anakuja kutuchukua tukaone mizinga ya baba yake. Mwambie Makena nyama choma tutakula Mbeere." Akajilaza, akafunika uso na kofia, halafu kwa chini ya kofia akasema, "Na uvae lile la bluu. Hilo halifanani na la mtu."

Nililivaa, zipu ikiwa wazi mgongoni na leso juu yake, pini saba, nikapakiwa nyuma ya pikapu ya watu niliowatukana, nikiimba.

Sasa mzee amesema mwakani tunarudi, na safari hii amepanga mwenyewe. Chakula nitachagua mimi, nguo atachagua yeye, na kila mtungi wa asali utakaopita mbele yetu ataonja yeye kwanza, mimi nikiwa nimefumba mdomo kwa mikono yote miwili. Nimekubali. Nimeapa tena, na mara hii si jikoni, nimeapa mbele ya mizinga.