Vidole Mgongoni

Mwalimu wa sauti kukemea hakukujua. Alivua viatu mlangoni, akawafuata waigizaji pekupeku walipozunguka ukumbi mchakamchaka wakiimba, macho wamefumba, kila mmoja kashika bega la aliye mbele yake. Aliyebana sauti aliwekewa vidole viwili katikati ya mgongo, baridi kama maji ya mtungi. "Si kooni, dada. Hapa." Mwigizaji mgeni, aliyewekwa mkiani kama wageni wote, alivichukia vidole vile, na bado kila siku alivingojea.

Siku ya mvua walianza bila kuambiwa. Vidole vikamgusa palepale, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikajaa ukumbini hadi mabati yakatetema. Ndipo mlango ukalia.

"Jamani, nisameheni, mvua imenishika njiani," mwalimu akasema kutoka kule mlangoni, akivua viatu.

Mgeni nywele zikamsimama. Vidole havikuondoka. Nyayo pekupeku zikaja mbio, zikaenda sambamba naye.

"Usifumbue macho, dada," mwalimu akanong'ona, naye sauti inamtetemeka. "Wewe imba tu. Hata mimi ndivyo alivyonifundisha mwenye vidole hivyo."