Jamhuri ya Maji Mafu

Enzi zetu kisiwani, kalenda ya ukutani ilikuwa ya kufungia sukari. Sikukuu ya Jamhuri tuliisubiri kwa mwezi wa angani. Serikali huko bara ilipandisha bendera yake tarehe kumi na mbili Disemba, Mungu aibariki, lakini sisi tulingoja bamvua, yale maji ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambayo hujaa sana kisha yakatoka mbali sana, hadi fungu la mchanga mbele ya kijiji likaota mgongo mweupe, mpana kuliko uwanja wowote wa Msambweni. Kisiwa chetu ni mawe na vichaka. Penye udongo pana muhogo, penye kivuli pana mbuzi, na mahali pa mtoto kukimbia bila kung'oka ukucha palikuwa pale funguni tu. Kwa hiyo uhuru wetu mwaka huu uliwahi, mwaka ule ulichelewa, na hakuna aliyelalamika. Mama alisema, "Tuliungoja enzi na enzi. Tutashindwa kungoja mwezi ukue?"

Alfajiri ya siku hiyo kisiwa kizima kilinuka iliki. Mahamri yaliumuka chini ya kanga, mbaazi za nazi zilitokota, na viazi vya karai vilikaangwa katika mafuta ambayo siku za kawaida tungeambiwa ni ya wageni. Maji yakishatoka, wazee kwa watoto tuliteremka funguni. Palikuwa na mbio za magunia ya nazi, na kukimbia na yai kwenye kijiko. Palikuwa na mlingoti uliopakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi Ijumaa ya pili, na juu yake imefungwa kanga mpya kwa atakayeifikia. Na palikuwa na kuvuta kamba, wake walioolewa upande huu, wanawali upande ule. Wanawali hawakuwahi kushinda. Mama alikuwa nanga ya wake, na mama akishaweka kisigino mchangani ungevuta hadi umwombe radhi.

Mimi katika michezo hiyo nilikuwa mtazamaji. Tangu udogo wangu ni mtu wa kukaa, na hadi leo safari yangu ndefu ya juma ni kutoka nyumbani kwangu Ukunda hadi Kona ya Musa kununua nyanya, na nikirudi najisifu. Mama alikuwa akiniambia, "Wewe nikikuacha mahali, nikirudi nakukuta papo hapo, kivuli ndicho kimehama."

Lakini kabla ya mchezo wowote kulikuwa na kuitwa majina. Bi Mwanakombo, shangazi yake mama, alisimama mbele ya watu akaita, mmoja mmoja, wanaume wa kisiwani waliochukuliwa na serikali ya Mwingereza kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani na wasirudi. Hawakuzikwa kwetu wala popote tupajuapo. Ila kila nyumba iliyopoteza mtu ilikuwa imempa mjukuu au kitukuu jina lake, na hilo ndilo lililofanya watu watoe machozi na kucheka kwa pamoja. Bi Mwanakombo akiita "Mbwana Mwinyi!", kitoto chenye kamasi kilijibu "Naam!" "Shee Bakari!" "Naam!" Na kila kilipoitika kimoja, wanawake walipiga vigelegele kana kwamba mtu ameshuka chomboni amerudi nyumbani.

Sasa nije kwa dada yangu Mwanamisi, maana mwaka ninaousema ulikuwa wake. Shule yetu iliishia darasa la tano. Aliyetaka la sita alivuka kwenda bara kila asubuhi kwa mtumbwi, na jioni akarudi. Wavulana walivuka. Mwanamisi alikuwa anamaliza la tano, wa kwanza darasani, mtoto ambaye alisoma hata gazeti lililofungia samaki, akamsomea na mnunuzi. Baba hakuwa na ugomvi na vitabu. Ugomvi wake ulikuwa na maji, kwa sababu ndugu yake mdogo alikufa katika mlango ule wa bahari kipindi cha upepo wa kusi. Mwanamisi alipoomba, baba alijibu neno moja tu, na baba hakuwa mtu wa kurudia.

"Mtoto wangu wa kike hatavuka maji yale kila siku kwa ajili ya hesabu. Hesabu ikimtaka, imfuate hapa."

Mwanamisi hakulia. Alikwenda kwa Mwalimu Mutua akamwambia baba anataka hesabu imfuate.

Mwalimu Mutua alikuwa kijana kutoka Kitui, ndani kabisa ya bara, amefika kisiwani Septemba ya mwaka huo huo, viatu vyake vingali vinang'aa. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alipiga chafya kwa sauti kubwa na alikula pweza macho ameyafumba. Alivuka akaenda hadi kwa afisa wa elimu kuomba darasa la sita lifunguliwe kisiwani. Akarudi na jibu, akalieleza baada ya swala ya Ijumaa mbele ya wazee wote. Afisa alikuwa amemwambia, "Nitakuja siku ya Jamhuri, jioni, nikitoka kwenye sherehe ya Msambweni. Nataka kuwaona wazazi. Watu wasioweza kujaza uwanja hawawezi kujaza darasa."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hadi leo kisiwani wanabishana lilikuwa la nani. Mwalimu alijua kwamba uwanja wetu ni fungu, na alijua kwamba fungu huja na kuondoka. Kwa hiyo akamwendea ami Salimu, ndugu yake baba, ambaye hakuna aliyeyajua maji kama yeye, akamuuliza kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee. Hiyo tarehe kumi na mbili, jioni, bahari itakuwa namna gani?"

"Marahaba, mwalimu. Hiyo ni maji mafu."

"Mafu? Yaani kabisa?"

"Mafu kabisa kabisa."

"Basi ni vizuri sana, mzee! Asante sana!"

Kwetu, hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba maji mafu ni yale ya nusu mwezi, yanayojaa kidogo na kutoka kidogo, na fungu halionekani hata uliite kwa jina. Kwa mtu wa Kitui, kitu kikifa kimekwisha. Alielewa kwamba bahari siku hiyo itakuwa imekufa, haitasumbua mtu, mchanga mkavu hadi magharibi. Akaenda akaandika ubaoni, Sherehe Funguni, akapiga mstari chini yake.

Na ami Salimu je, kwa nini hakusema kitu? Aliulizwa baadaye na mama, mbele yetu.

"Alifurahi," ami alijibu. "Mtu akifurahi mwenyewe, mimi nimuulize anafurahia nini? Nilidhani waliosoma wana namna yao."

Na kisiwa kizima kilidhani hivyo hivyo. Watu walisoma ubao, wakatazamana, wakanyamaza kwa heshima. Wengine walisema mwalimu ataleta mahema ya kuelea. Mzee mmoja aliapa kwamba Wakamba, watu wa Kitui, wana dawa ya kukausha maji. Kwa wiki nzima tulimtazama Mwalimu Mutua kama mtu anayetazama kofia ya mfanya mazingaombwe, tukingoja kuona kitakachotoka.

Siku ikafika. Baada ya Alasiri Mwalimu aliteremka ufukweni amevaa suti, mkononi bendera ya shule. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na bahari, imetulia, inang'aa, imelala juu ya fungu letu lote kama paka juu ya mkeka.

"Itaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Imeshaisha," alisema ami Salimu. "Hapo ndipo mwisho wake. Si nilikwambia mafu?"

Sijapata kuona uso wa mtu ukiporomoka kama ule. Na kwa mbali boti ya afisa ilikuwa imeshatokeza, inanguruma. Shuleni pasingetosha hata robo ya watu. Kwenye mawe na vichaka afisa angeona watu kumi hapa, wanne kule, mbuzi katikati, kisha angeandika kwamba kisiwa hakina wazazi. Mwanamisi alisimama karibu na mwalimu, nguo ya shule imepigwa pasi hadi inakata. Alitazama maji, akatazama boti, kisha akamtazama baba. Baba akatazama chini.

Mama alikuwa na sufuria ya wali kichwani. Akaishusha kwenye mtumbwi uliokuwa karibu.

"Mwalimu, yule mtu alisema anataka nini?"

"Alisema uwanja ujae, mama."

"Uwanja si umejaa? Umejaa maji. Sasa tuujaze watu." Akazifunga kanga zake kibwebwe, akaingia baharini.

Jamani! Mkinikuta nimekaa leo, jueni nimewahi kusimama. Nilisimama siku ile, maji kiunoni, na nikayapenda. Kwa watu wazima yaliishia magotini, kwa hiyo waliingia wote. Bibi zetu walishikana mikono wakitukana kwa adabu kila walipokanyaga tope. Vyakula vilipakiwa kwenye mitumbwi miwili, ikafungwa katikati ya watu, na ukitaka andazi uliliendea hatua kwa hatua na kulila kabla mawimbi hayajalipata. Mlingoti ulikataa kusimama kwa sababu mchanga ulikuwa uji. Baba akaenda, akaukumbatia, akausimamisha kwa mwili wake, bendera juu, na hapo akabaki.

Boti ilipofika, afisa wa elimu aliona kitu ambacho sidhani alikwisha kukiona kwingine. Kisiwa kizima kiko ndani ya bahari, kimevaa nguo za sikukuu, kinaimba wimbo wa taifa. Mwalimu Mutua alikuwa ameloa suti hadi mapajani, mkono kwenye paji la uso kama askari.

"Mwalimu," afisa aliita kutoka botini, "hawa watu wanafanya nini majini?"

Mwalimu alifungua kinywa. Bi Mwanakombo akamwahi. "Huu ndio uwanja wetu, mwanangu. Leo umevaa maji. Vua viatu uteremke, wali unapoa."

Akavua. Akakunja suruali ya serikali, akateremka, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege waliokuwa mikokoni wakahama. Bi Mwanakombo aliita majina yake, watoto wakaitika "Naam!" huku meno yakigongana, na afisa alipoambiwa majina yale ni ya nani, alivua kofia akasubiri hadi la mwisho. Baada ya hapo michezo. Magunia yalijaa maji, wakimbiaji wakaanguka wote kwa pamoja, na mshindi akawa aliyeelea vizuri. Kwenye kuvuta kamba, mama hakupata mchanga wa kuweka kisigino, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe wanawali walishinda. Mama aliibuka na mwani kichwani.

"Hii haihesabiwi!" alipiga kelele. "Bamvua tutarudia!"

Afisa alicheka hadi akashika ukingo wa mtumbwi. Kisha akauliza, "Mwalimu, wazazi wote wako hapa?"

"Wote, mkubwa."

"Na yule aliyeshika mlingoti? Tangu nifike hajaondoka."

"Ni baba yake huyu," Mwalimu alisema, akamsogeza Mwanamisi mbele. "Huyu ndiye anayetaka la sita."

Afisa alimwendea baba kule kule kwenye maji. Tulikuwa karibu, tulisikia.

"Mzee, darasa nikilifungua hapa, utamleta?"

"Wewe lilete," baba alisema, bendera ikimpiga usoni. "Mimi mtoto wangu nitamleta kabla hujafuta ubao."

Januari darasa la sita lilifunguliwa chini ya paa la makuti, wanafunzi wachache, msichana mmoja. Mwaka uliofuata la saba, kisha la nane. Hata mimi, mtu wa kubaki papo hapo kivuli kikihama, nilipita humo humo bila kuvuka popote, nikafika hadi kidato cha nne huko bara baadaye, ndipo leo naweza kuwachosha kwa maandishi.

Siku hizi sherehe ya Jamhuri iko bara, tarehe yake kamili, na mahema, viti vya plastiki na vipaza sauti vinavyokuambia kaa kabla hujasimama. Vijana wanakuja, wanajipiga picha na bendera, wanaondoka kabla ya wimbo wa taifa kwa sababu bando limekwisha. Nilipomsimulia mpwa wangu habari ya maji mafu, hakuinua macho kwenye simu. "Shangazi, mngekuwa na simu siku hiyo mngetrendi." Huenda. Mimi nakumbuka mikono yetu yote ilikuwa na kazi.

Shule ya kisiwani sasa ina kuta za mawe, tangi la maji na taa za jua. Wanaoendelea na masomo bara huvuka kwa boti ya mashine, wamevaa majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa, na wazazi huwatumia karo kwa simu wakiwa wameegemea mto. Watoto wanafika wakavu, salama. Mungu atupe nini zaidi? Hata mimi watoto wangu nawasindikiza kwa ujumbe wa maneno mawili.

Lakini zamani zile, Mwanamisi alipopata nafasi ya sekondari ya bweni, asubuhi ya safari maji yalikuwa yamejaa na boti haikuweza kukaribia mawe. Baba, ambaye alikuwa amesema mtoto wake hatavuka, ndiye aliyemsindikiza. Alilibeba sanduku la bati kichwani, akamshika mkono bintiye kwa mkono mwingine, wakaingia. Maji yakamfika kifuani. Alimpandisha Mwanamisi botini, akampandishia sanduku, kisha akasimama pale pale majini, kanzu ikielea kumzunguka, mpaka boti ikafika ng'ambo na tukaona kitu kidogo chenye nguo ya kijani kikiteremka na kupunga mkono. Ndipo akageuka kurudi. Mama alimpa kanga ajifute. Aliipokea, akaishika tu mkononi, na hakujifuta kwa muda mrefu.