Pete ya Baba na Gari la Umeme

Baba ndiye aliyenifundisha ufundi wa magari, na alinifundisha kupima umeme kwa cheche: unachukua waya, unaugusisha kwenye bodi ya gari, ukiona cheche basi umeme upo. Gereji nzima tulipima hivyo, mpaka nilipovuka kwenda Dar es Salaam kusomea magari ya umeme. Huko nikaonyeshwa nyaya nene za rangi ya machungwa, nikaambiwa anayezichezea hizi hapati hata muda wa kusema lahaula. Nilirudi Unguja na glavu nene za mpira, na ubishi niliourithi kwa baba.

Lilipoletwa gari letu la kwanza la umeme, la hoteli moja ya Kendwa, nililizungushia kamba. Nikalizima, nikachomoa plagi inayokata umeme wa betri kubwa, nikaitia mfukoni ili asiirudishe mtu, kisha nikasubiri umeme uliobaki ndani upungue. Dereva alinung'unika. Nikamwacha anung'unike.

Mara baba akavuka kamba. Gereji yake, nani amzuie? Mkono ulikuwa ushanyooka kuelekea kwenye nyaya, na kidoleni ana ile pete ya fedha aliyopewa na mama. Tangu mama afariki hajaivua, mpaka kidole kimenenepa na pete imezama.

"Baba, toka!"

Sijapata kumpigia baba ukelele maishani mwangu. Mafundi wote waliacha kazi.

"Unanfukuza mie? Gerejini kwangu?"

"Niwie radhi, baba. Lakini sijapima bado, na betri yenyewe haizimiki. Mwenye chuma mkononi halikaribii gari hili. Vua pete, au kaa nje ya kamba."

"Pete hii kanipa mama'ko."

"Najua. Na mie nshazika mmoja."

Aliondoka, na moyo uliniuma hasa. Nilitamani nimkimbilie nimshike miguu. Sikwenda. Nilivaa glavu, nikapima, mita ikasoma sifuri, nikaanza kazi.

Baada ya sala ya alasiri alirudi. Mkono ulikuwa bado na povu la sabuni, kidole kimechubuka, na pale ilipokaa pete pamebaki alama nyeupe. Mafundi walijitia hawaoni. Alifika kwenye kamba, akasimama.

"Hodi," alisema baba, gerejini kwake mwenyewe.