Ugali wa Kinyonga

Kibanda cha kinyonga wangu nilikijenga mwenyewe, kule Kiminini, kwa sanduku la mbao, wavu wa mbu na bawaba nilizokata kwenye patapata kuukuu za mpira. Nyanya, mamake baba, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kukaa nasi. Alimwona yule mnyama mara moja tu, akatema mate chini na kuondoka.

Kwa hivyo asubuhi nilipokuta tonge la ugali kibandani, sikuwa na shaka: sumu! Nikawatupia kuku. Hawakufa. Kesho yake, tonge lingine, nikalitupa pia. Kinyonga gani hula ugali? Huyu mzee ananiona mjinga?

Siku ya tatu nikajificha nyuma ya ghala la mahindi. Akaja, akafungua kimlango huku uso ameugeuzia kando, tonge mkononi.

“Unataka kumuua!” nikafoka.

“Mjukuu wangu,” akasema polepole, “zamani huyu aliwaomba watu wetu chakula, wakamnyima. Akawalaani, ndiyo maana tunakufa. Sasa umemleta mlangoni kwetu. Mimi nimeshazika watoto wa kutosha.”

Akanitazama.

“Hebu niambie, tonge la jana alikula?”