Kompyuta Iliyonuka Pweza

Kompyuta ikipata moto, wenzangu husikia harufu ya vumbi lililoungua. Mimi nasikia pweza. Juzi tu, kwenye chumba cha kompyuta cha shule, feni moja ilianza kulia, nikajikuta nalitafuta kwa macho deli la barafu la mama.

Niwaambieni ilivyokuwa, ila msinicheke sana.

Nilikuwa kidato cha kwanza hapa Kilindoni, na haya zangu zilipita kiasi. Mwalimu akiita majina, sauti yangu inaishia kooni, ananiandika sipo na mimi nimekaa mbele yake. Dawati nilikaa na Nasrin, binti wa Mhindi wa duka la vitambaa, naye mkimya vilevile. Rula tuliazimana kwa kuangaliana tu.

Lakini kwenye grupu la gemu la mpira! Huko nilijiita Papa Potwe, yule samaki mkubwa ambaye watalii huja kuogelea naye, na wote waliamini mimi ni janadume. Mjomba wangu, anayewapeleka wageni baharini, aliachiwa na mgeni mmoja kompyuta kuukuu, ikawekwa stoo kwetu. Nikaitangaza kama ndege ya kivita.

"Mashine yangu inapozwa kwa maji," niliandika.

"Labda ya kuoshea vyombo," akajibu hasimu wangu mkuu, aliyejiita Jini la Kua kwa yale magofu ya mji wa Kua, kisiwani Juani. "RAM yenyewe ya kuchomea mahindi."

"Wewe kibodi yako imefutika herufi, unabonyeza kwa kubahatisha."

"Na bado nakufunga. Jumamosi njoo uwanjani, Papa. Atakayeshindwa atume sauti ya kuomba radhi, grupu zima lisikie."

Sauti! Kwa maandishi naweza kumvua mtu nguo sokoni, lakini kusema? Wangejua Papa Potwe ni yule mtoto wa kike asiyeitika jina lake. Kukataa nako aibu. Nikaandika: "Andaa leso."

Shida ni kwamba kompyuta ile ilichemka kama chungu, na ikichemka inajizima yenyewe. Sasa, watu wa kwetu kitu kikitaka kupozwa hatuulizi fundi. Mama alikuwa ananunua pweza kwa wanawake wanaotoka mwambani, na siku za bamvua, maji yakitoka sana, deli lake lilijaa pweza na barafu. Jumamosi ile lilikuwa mlemle stoo. Nikafunua mfuniko, nikatandika ubao, nikaliketisha boksi la kompyuta juu ya pweza kama bibi harusi.

Na ikapoa! Feni ilivuta ubaridi wa barafu ikaupuliza stoo nzima, pamoja na harufu yake. Nilicheza nimejifunga mtandio puani. Tuko sare, mshambuliaji wangu kabaki na kipa tu, paka wa jirani akachungulia dirishani, akamwona pweza, akaruka. Waya ukang'oka. Skrini ikawa nyeusi.

Kwenye simu grupu likalipuka. "Papa kakimbia! Sauti! Sauti!"

Nikabana kitufe cha kurekodi. Mdomo wazi, hakitoki kitu. "Na... naomba..."

Mlango ukafunguka.

"We Rukia! Nani kakwambia pweza wangu ni meza? Mnunuzi yuko nje, paka kaondoka na mkono mzima, na wewe umekaa na simu!"

Nikashtuka, kidole kikaachia, sauti ikaenda. Grupu zima likamsikia mama, na jina langu.

Walivyocheka, acha tu. Nikiwa natafuta namna ya kujitoa grupu, Jini la Kua akanitumia sauti pembeni, mimi peke yangu. Ilikuwa ya kunong'ona, inakatikakatika kama yangu.

"Rukia? Ni mimi. Nasrin. Wa dawati lako. Usiwaambie."

Jumatatu tulikaa kimya kama kawaida. Kisha akaliinamia begi langu, akanusa, akasema mbele ya darasa zima, "Pweza."

Nilicheka mpaka mwalimu akainua kichwa. "Kumbe wewe upo?"

"Nipo, mwalimu," nikasema, na nikasikika.

Wakati huo niliona tumechekeshana tu, tena akili yangu yote ilikuwa kwenye ule mkono wa pweza ambao mama hakuusahau. Ilichukua muda hadi nikakaa nikatambua: aliyeshinda ni Nasrin. Yeye hakulazimika kutuma sauti kwa mtu yeyote, na bado alinitumia yake.