Niliyemkaribisha Kwenye Tambi za Ama

Usiniambie niliota. Anayeota haungui, na mimi kovu la bakuli lile ninalo mpaka leo, hapa kwenye kidole gumba. Tena ilikuwa ndiyo kwanza Magharibi imepita, taa zote zinawaka, na meza ya pili watoto wawili wanagombania mrija wa soda. Si kiza wala makaburini. Ni mkahawani, mtaa wa Karama, huku kwa Waarabu tunakoishi, nyuma ya jengo letu.

Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua jibu lake, nainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Mtu akikalia kiti changu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Nakueleza haya mapema, maana bila hayo utajiuliza kwa nini sikuinuka nikakimbia.

Nyumbani tuko watatu: mimi, Mama na Bibi. Wakati huo Bibi alikuwa ametoka hospitali na chakula hakipiti. Mama alipika uji, akapika mchuzi wa kuku wa nazi, akapika mpaka mkate wa kumimina ambao Bibi angeamka usingizini kwa ajili yake. Bibi alionja, akageuza uso ukutani. "Kinywa changu kimekufa, mwanangu," alimwambia Mama. Daktari alisema asipokula atarudishwa wodini alishwe kwa mpira, na kwa umri wake hakuahidi kitu. Usiku huo nilimsikia Mama jikoni amefungua bomba la maji ili tusisikie analia.

Kitu kimoja tu kilipita: supu ya kwa Ama.

Ama ni mwanamke wa Taiwan, mzee kama Bibi, na mkahawa wake una meza chache tu. Mchana kutwa anakaa karibu na mlango anafunga dampling, vile vifuko vya unga laini vyenye kima cha kuku na majani ya kitunguu ndani. Anavichemsha, anavitia kwenye tambi na supu. Bibi alipoviona mara ya kwanza alisema, "Hizi sambusa zimezama," lakini supu aliinywa. Basi kila jioni kazi yangu ikawa hiyo: kwenda kumletea, na mimi nikila bakuli langu pale pale nikisubiri yake.

Anayehudumu ni Shiko, Mkenya, mdomo wake haufungi. Jioni ile aliniletea bakuli langu na mfuko wa Bibi kwa pamoja.

"Mrembo, yako hii, ya shosho hii, nimefunga poa. Na leo uongee kidogo basi! Nitadhani tunauzia bubu."

Nikatabasamu. Ndiyo jibu langu kwa kila kitu.

Nikainamia bakuli, mvuke ukapanda, miwani yangu ikawa nyeupe yote. Katika ule weupe nikahisi mtu amesimama kando ya meza.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Sisi watu wa Unguja, ukiwa unakula na mtu akatokea, unasema karibu. Humjui, humtaki, umebakiwa na vijiko viwili tu, bado unasema. Na yeye anajua la kujibu: "Ahsante, nimeshiba," hata kama hajala tangu jana, kisha anapita. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Neno hilo halinipi hata aibu, kwa sababu si mazungumzo, linatoka lenyewe. Basi sikuinua uso.

"Karibu," nikasema.

"Nimekaribia, mwanangu."

Na kiti cha mbele yangu kikavutwa.

Alikuwa mwanamke. Kupitia ule mvuke niliona buibui la zamani, lile la kujitanda, na uso mrefu uliotulia. Sauti yake ilikuwa ya kwetu kabisa, ya wazee wa kwetu. Nikavua miwani kuifuta, ili nimwone vizuri.

Kiti kitupu.

Nikaivaa. Mvuke ukapanda. Yupo, na amenisogelea.

Ungefanya nini wewe? Mimi, niamini, nilichowaza kwanza ni kwamba nikipiga kelele watu wote watanitazama. Nikabaki kitini. Na bismillah ya kuanza kula, ile inayomzuia asiyeonekana asile nawe? Mpaka leo sikumbuki kama niliisema.

Hakushika kijiko. Aliinamisha uso juu ya bakuli langu, na mvuke uliokuwa ukipanda wima ukapinda, ukamfuata yeye, kama moshi unaovutwa na dirisha. Akafumba macho. Nikaona jinsi alivyokuwa na njaa, njaa ya muda mrefu sana, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Kisha akafumbua macho akatazama mfuko.

"Na hiyo iliyofungwa ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Nifungulie nionje."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la mfuko. Kwetu mgeni ukishamkaribisha humfukuzi kwenye chakula, na mimi sijawahi kumnyima mtu kitu katika maisha yangu, hata kalamu yangu ya mtihani. Lakini akilini nilimwona Bibi amegeukia ukuta. Nikasikia lile bomba la maji. Nikaukumbatia mfuko kwa mikono miwili, na nilipouvuta nikagonga bakuli, supu ikamwagika ikaniunguza kidole. Sikuachia.

"Hapana," nikasema. "Nimekukaribisha kwangu. Hii si yangu."

Aliuondoa mkono kwenye fundo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Basi cha kwako nikimalize?"

"Kimalize."

"Chote?"

"Chote."

Mimi nilidhani tunazungumzia tambi.

"Unaongea na nani? Umepata boyfriend hunijuzi?" Shiko alikuwa kasimama nyuma yangu na sinia. Kufumba na kufumbua miwani yangu ikawa safi kama imefutwa. Kiti kitupu. Bakulini tambi zote zipo, dampling zote zipo, lakini supu iliyobaki imekuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, na baridi.

"Ai, hii imekuwaje? Nimeitoa jikoni saa hii hii!"

Shiko akamwita Ama. Ama alikuja na unga mikononi, akachovya kijiko, akaonja, akatema kwenye karatasi. Akakitazama kile kiti kilichovutwa. Alichukua bakuli akalimwaga lote, tambi na vifuko vyake, kisha akaushika mfuko wa Bibi, ukiwa bado wa moto, akauongezea fundo la pili juu ya lile la kwanza.

"Yalla, nyumbani," akaniambia. "Haraka."

Nilikwenda mbio mpaka lifti.

Bibi aliinywa supu ile yote. Yote! Alikula na dampling, akalamba kijiko, akasema, "Leo imekolea," na Mama akaenda dirishani akatugeuzia mgongo ili tusimwone uso. Mimi nikamiminiwa chai ya maziwa yenye iliki. Nikanywa. Nikaongeza sukari. Nikanywa tena. Ilikuwa maji ya moto tu.

Mpaka leo ni hivyo. Embe, pilipili, ndimu, chumvi, vyote najua vimo kinywani kwa sababu vinagusa ulimi, basi; ladha hakuna. Daktari alimulika koo langu, akasema sina tatizo, labda ni mawazo ya mitihani.

Bibi amepona. Ndiye anayepika sasa, na kama ilivyo kawaida yake ananiita mimi nionje. Mwezi wa Ramadhani, siku zile nisizofunga, nasimama jikoni na kiganja wazi, yeye ananidondoshea mchuzi. "Chumvi imetosha?" Naangalia uso wake, namna mashavu yalivyorudi, nasema, "Imetosha, Bibi." Siku moja ilikuwa imezidi mno, Mama akakohoa mezani, Bibi akanitazama muda mrefu. Tangu siku hiyo, kabla hajanipa sahani, anaisema bismillah kwa sauti, mara mbili: moja yake, moja yangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, na hasa wewe uliyelelewa kama mimi, sikuambii uache kukaribisha watu. Ninachokuambia ni hiki: inua uso kwanza, umwone unayemwambia. Na ukimwambia karibu, akakosa kusema nimeshiba, usikubali akuulize mara mbili kipi ni cha kwako.

Kwa Ama bado naenda. Shiko ananitania kuwa siku hizi naagiza bila kujali nini. Naagiza tambi zile zile, nakaa pale pale, na kabla bakuli halijafika mezani navua miwani naitia mfukoni.