Maneno Yasiyosikika Ukumbini

Jumanne, tarehe 13 Februari 1934. Theluji iliyochanganyika na mvua, upepo wa mashariki.

Selina Ormerod alikuwa mfumaji wa pamba kule Burnley, kaskazini mwa Uingereza, tangu utotoni, mpaka kiwanda kilipofungwa na mashine kuuzwa. Jioni hiyo aliingia na wenzake katika nyumba ya maskini ya mji mmoja njiani kwenda London. Walikuwa wanawake peke yao, wote wafumaji, wanaandamana kudai kazi. Nguo zilikuwa zimewagandia mwilini.

Msimamizi aliwaambia kwamba alalaye hapo ni mzururaji, na sheria ya wazururaji ni moja: mfuko unapekuliwa, mlango unafungwa, na mtu hatoki kabla ya kusugua sakafu siku mbili. Selina alipiga hesabu kichwani. Siku mbili zikipotea, hawatauwahi mkutano mkuu wa waandamanaji huko London.

Msimamizi akanusa upinzani. Akawatenga, nusu ukuta huu, nusu ukuta ule, akapiga marufuku kusemezana. Angewaita mmoja mmoja waweke sahihi ya kuikubali sheria hiyo, ndipo wapewe supu.

Hakujua wafumaji ni watu gani. Kwa kelele za mashine za kufumia kiwandani, mtu haisikii hata sauti yake. Wote walikuwa wamezoea kusomana midomo. Selina akamtazama Doris Pickup ng'ambo ya ukumbi, akatamka pole pole bila sauti: “Asitie sahihi hata mmoja.”

Midomo ya Doris ikajibu, “Miguu yangu imevimba, dada. Na supu naisikia harufu.”

“Hata mimi naisikia. Ukiinywa, London utaisikia redioni.”

Doris akayafumba macho kidogo. “Una roho ngumu wewe. Haya, waambie na wa huku.”

Neno likazunguka kuta zote mbili. Msimamizi alipoita jina la kwanza, wanawake wote waliinua mifuko yao kwa pamoja wakaelekea mlangoni.

“Nani amewaamuru?” aliuliza.

Polisi aliyekuwa akilinda mlango akaapa kwamba hajasikia mtu akifungua kinywa.

Wakatoka, na usiku huo walilala juu ya viti vya kanisa dogo mjini humo, bila chakula cha moto.

Asubuhi yake Selina alimviringishia Doris vitambaa miguuni, akamkabidhi fimbo moja ya bango lao la maandamano, mwenyewe akashika ya pili, wakaifuata barabara ya kusini.